Rekodi ya Sumbawanga, Miksi ya Mbeya: Pesa ya Bendi Inakwenda Wapi?

Bendi ikirudi Mtowisa, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, na nyimbo ilizorekodi Sumbawanga, wiki ya kwanza huwa ya furaha na ya pili ya malalamiko. Besi haisikiki kwenye spika ya dukani. Sauti ya kwanza imewafunika wenzake. Gitaa la solo, ambalo watu walilishangilia ukumbini, limefichwa nyuma ya kinanda. Hapo mtu mmoja hutoa wazo: tuzipeleke Mbeya zikamiksiwe upya, au twende moja kwa moja hadi Dar es Salaam. Ni wazo la maana. Kazi nyingi zimeponywa na miksi ya pili bila mwimbaji hata mmoja kurudi mbele ya maiki. Lakini pesa nyingi za mavuno ya mpunga nazo zimeishia njiani, kwa sababu viongozi wa bendi walilinganisha bei za studio mbili wakasahau kuuliza ni kitu gani hasa kinachohama kutoka moja kwenda nyingine.

Msimamo wangu nauweka mapema. Bando, nauli na hata ada ya fundi mpya ni gharama ndogo ukizipima na hasara ya kutoka studio ya kwanza mikono mitupu. Anayepanga bajeti aanzie hapo.

Studio ya kwanza ina vitu vitatu inavyoweza kukupa, na thamani yake inapishana sana. Kuna wimbo uliokamilika, ule wa MP3 au WAV ambao kila mtu anao kwenye simu. Kuna faili la programu iliyotumika kurekodi. Halafu kuna traki zenyewe, kila ala na kila sauti peke yake.

Wimbo uliokamilika haumiksiwi tena, kwa kuwa kila kitu kimeshaungana. Wazee wa muziki wa dansi wanalijua hili vizuri. Bendi kama NUTA Jazz na Western Jazz ziliingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, zikapiga watu wote kwa pamoja, fundi akapanga sauti palepale, na kilichobaki kwenye utepe kikawa ndicho hicho. Tepe hizo leo zinaweza kuingizwa kwenye kompyuta na kusafishwa, lakini huwezi kumpandisha mwimbaji ukawaacha wapiga tarumbeta walipo. Siku hizi zipo programu zinazotenganisha wimbo uliokwisha kuungana. Spleeter, iliyotolewa na kampuni ya Deezer mwaka 2019, hutoa sauti ya kuimba upande mmoja, dramu upande wa pili, besi wa tatu, piano wa nne, na mengine yote fungu moja. Kwa wimbo wa mtu mmoja juu ya biti, inasaidia. Kwa bendi yenye magitaa matatu na waimbaji wanne, magitaa yote hubaki fungu moja na waimbaji wote hubaki fungu moja, na ugomvi wenu ulikuwa hapo hapo. Atakayekuahidi kumiksi bendi nzima kutoka kwenye MP3 ya WhatsApp, mshukuru, ondoka na pesa yako.

Faili la programu lina ulaghai wake wa kimyakimya. Mradi uliotengenezwa kwenye FL Studio haufunguki ndani ya Cubase, wala wa Cubase ndani ya Logic. Hata studio mbili zikitumia programu moja, fundi wa pili anaweza kukosa plagini alizotumia wa kwanza, au kukosa sauti za kinanda zilizokuwa kwenye kompyuta ile tu. Mradi unafunguka, kinanda kiko kimya. Lichukueni faili hilo kama akiba, msilitegemee.

Kinachohama salama ni traki. Kila moja itolewe kama WAV, zote zianze sekunde ya sifuri hata kama tarumbeta inaingia dakika ya tatu, na zote ziwe na urefu mmoja. Hapo fundi yeyote, awe na programu gani, anazipanga zote kwenye mstari mmoja na wimbo unakaa mahali pake. Kinanda na biti zilizopigwa kwa MIDI zigeuzwe kuwa sauti kwanza. Sauti iliyonyooshwa kwa programu ya kurekebisha noti itolewe nakala mbili, iliyonyooshwa na ile asilia, maana fundi wa pili anaweza kuwa na mkono mwepesi zaidi. Mwangwi na kompresa viondolewe, isipokuwa pale ambapo mwangwi ni sehemu ya mlio wa gitaa lenyewe. Hapo pia chukueni zote mbili.

Msitoke bila kupima. Mwombeni prodyuza afungue mradi mpya, mtupu kabisa, aziburute humo traki zote za wimbo mmoja na kubonyeza cheza. Sikilizeni mpaka mwisho. Kosa la kwanza kutafuta ni gitaa linalochelewa nyuma ya dramu. Hiyo ni dalili kwamba traki moja haikuanzia sifuri. La pili ni mkia wa wimbo, pale noti ya mwisho inapokatwa kabla haijafa. La tatu ni traki iliyojirudia, ambapo faili limeandikwa tumba kumbe ndani ni besi. La nne linahitaji jicho kuliko sikio, nalo ni kiwango cha kurekodia. Wimbo wa dakika 5 uliorekodiwa kwa kHz 44.1 ukisomwa na kompyuta kana kwamba ni wa kHz 48 utaisha kwa dakika 4 na sekunde 36 hivi, na sauti zote zitapanda karibu nusutoni moja na nusu. Mwimbaji wa sauti ya nne atasikika kijana. Andikeni kiwango hicho kwenye jina la folda pamoja na kasi ya wimbo na ufunguo wake, mfano: Wimbo 03, kHz 48, biti 24, kasi 112, G.

Je, studio ya kwanza ina haki ya kulipisha kwa kazi hiyo? Naona ndiyo. Kutoa traki za nyimbo nane kwa uangalifu ni kazi ya saa kadhaa, na kompyuta wakati huo haiwezi kurekodi mteja mwingine. Kisicho haki ni kutaja bei hiyo baada ya bendi kusema inahama. Muda wa kuuliza ni kabla ya kurekodi, pale mnapokubaliana bei, na jibu liandikwe kwenye karatasi hiyohiyo. Studio iliyo rahisi kwa kurekodi lakini isiyotoa traki ni ghali kuliko inavyoonekana, kwa sababu siku mtakapotaka kuhama mtalipia kurekodi mara ya pili.

Sasa usafiri. Tuchukue bendi ya watu saba, nyimbo nane za dakika tano tano, kila wimbo traki 24: dramu nane, besi moja, magitaa manne, kinanda traki mbili, tumba mbili, sauti saba. Kwa kHz 48 na biti 24, dakika moja ya traki moja hula MB 8.64. Dakika tano ni MB 43.2. Zidisha kwa 24 unapata MB 1,037, yaani wimbo mmoja ni GB 1 na kidogo. Nyimbo nane zinafika GB 8.3.

Mwaka 2021 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitangaza bei elekezi ya bando kuwa kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa MB moja. Kwa mipaka hiyo, kupandisha GB 8.3 mtandaoni kunagharimu kati ya shilingi 16,800 na shilingi 77,600. Pengo la shilingi elfu sitini kwa mzigo uleule linatokana na aina ya bando unalonunua. Na hapo mmelipia kupandisha tu. Fundi wa Mbeya au Dar naye atatumia bando lake kushusha, na gharama hiyo hurudi kwenu ndani ya ada yake. Muda nao ni gharama. Mtandao unaopandisha kwa megabiti 2 kwa sekunde utahitaji saa tisa na zaidi bila kukatika, na umeme nao usikatike. Mkiamua kupita njia hiyo, geuzeni WAV kuwa FLAC kwanza. Faili hupungua kwa theluthi hadi nusu na hakuna kinachopotea kwenye sauti, tofauti na MP3. Google Drive inatoa GB 15 bure, kwa hiyo nafasi si tatizo. WhatsApp hupokea faili hadi la GB 2 likitumwa kama hati, hivyo wimbo mmoja mmoja unapita. Likitumwa kama sauti ya kawaida linaweza kubanwa, na likibanwa mmeharibu kazi yote.

Flashi ndiyo njia ninayoipendekeza kwa bendi ya bondeni, na kuna jambo moja kuhusu flashi linalowasumbua wengi bila kujua chanzo. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja lenye zaidi ya GB 4. Prodyuza akizifunga nyimbo zote nane kwenye faili moja la GB 8.3, flashi ya GB 32 iliyo tupu itakataa kulipokea. Mtu ananunua flashi kubwa zaidi na jibu linaweza kubaki lile lile. Tenganisheni folda kwa kila wimbo, au flashi ipangwe upya kwa exFAT kabla ya kuweka kitu. Nunueni flashi mbili. Moja isafiri, ya pili ibaki Sumbawanga kwa mtu mnayemwamini. Wala hakuna sababu ya kuishusha Mtowisa kwanza, kwa njia ya Muze, ndipo ipandishwe tena mlima. Mzigo uondokee Sumbawanga palepale ulipotolewa, baada ya kupimwa.

Flashi ikisindikizwa na mtu, hesabu ni nyepesi. Kutoka Sumbawanga hadi Tunduma ni kilomita 223 za lami, na ukiongeza kipande cha Tunduma hadi Mbeya unapata kilomita 330 hivi. Viwango vya mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, vya Desemba 2023 viliweka nauli ya basi la kawaida kuwa shilingi 48.47 kwa kila kilomita ya lami, na la daraja la kati shilingi 67.84. Kwa basi la kawaida hiyo ni shilingi 16,000 kwenda Mbeya, 32,000 kwenda na kurudi. Bendi nzima ya watu saba ni shilingi 224,000, kabla ya kula na kulala, na kabla ya safari ya kutoka Mtowisa hadi Sumbawanga, ambayo wakati wa mvua hupangwa na barabara kuliko ratiba. Kwa Dar es Salaam, kwa viwango hivyo hivyo, mtu mmoja anatumia zaidi ya shilingi 110,000 kwenda na kurudi. Flashi iliyofungwa vizuri na kutumwa kama kifurushi cha basi ni rahisi kuliko zote hizo, mradi mpewe risiti na namba ya simu ya ofisi ya basi upande wa pili.

Uzuri ni kwamba mzigo mzito unakwenda mara moja tu. Kinachorudi ni chepesi. Miksi ya majaribio kwa MP3 ya kbps 320 ni MB 12 kwa wimbo wa dakika tano, na nyimbo zote nane ni MB 96. Hata kwa bei ya juu kabisa ya bando niliyoitaja, haifiki shilingi elfu moja. Bendi inaweza kukaa Mtowisa, ikapokea majaribio kwenye simu, ikayasikiliza kwenye spika ya dukani, kwenye redio ya gari na kwenye hedifoni za bei ndogo, vile vile ambavyo wasikilizaji wake watasikiliza. Maoni yaandikwe kwa dakika na sekunde: dakika 2 na sekunde 14, solo lipande kidogo, dakika 3 kamili, tumba zishuke. Maneno kama "haina ladha" hayamsaidii fundi, na kila awamu ya kukisia mnailipia. Mteueni mtu mmoja wa kukusanya maoni. Watu saba wakimwandikia fundi kila mmoja kwa lake, atafanya atakavyo.

Kwa hiyo ulinganisho halisi uko kwenye nani anamiksi, na hapa wengi hutazama mji badala ya kutazama masikio. Dar ina mafundi wengi na vyumba vizuri, lakini wengi wao wanaishi kwa bongo fleva: sauti moja mbele, biti imetengenezwa ndani ya kompyuta. Kumiksi dramu halisi na magitaa yanayojibizana ni ufundi mwingine. Fundi wa Mbeya anayefanya kazi za kwaya na bendi kila mwezi anaweza kuwafaa kuliko jina kubwa la Dar. Ombeni kusikia kazi tatu za bendi alizomiksi, si alizorekodi tu. Kisha mlipeni wimbo mmoja kwanza. Chagueni wimbo mgumu kuliko yote, wenye watu wengi ndani yake, na mpeleke wimbo huohuo kwa mafundi wawili kama mfuko unaruhusu. Ada ya wimbo mmoja wa majaribio ni bima ya nyimbo saba zilizobaki.

Bei mtakazopewa hazitafanana kwa sura. Mmoja anatoza kwa wimbo, mwingine kwa siku. Mmoja amejumlisha masta, yaani umaliziaji wa baada ya miksi, mwingine ameitenga. Mmoja anaruhusu marekebisho mawili, mwingine anahesabu kila simu. Zigeuzeni zote ziwe kwa wimbo, pamoja na masta, pamoja na marekebisho mawili, ndipo mzilinganishe. Fundi wa siku anaonekana rahisi hadi siku ya tatu. Kuhusu huduma za mtandaoni zinazofanya masta kwa kompyuta peke yake, zinaweza kukuza sauti ya wimbo uliokwisha kumiksiwa vizuri. Solo lililofichwa haziwezi kulifichua.

Kubaki studio ya kwanza pia ni chaguo, na mara nyingine ndilo bora. Kama tatizo ni besi ndogo na sauti moja kubwa, rudini kwa prodyuza yuleyule na orodha ya dakika na sekunde. Hiyo ni kazi ya saa chache kwake, na mradi wote uko mbele yake. Hameni pale alipokwisha kujaribu mara mbili na masikio yenu hayajakutana.

Kurekodi upya ni jambo la mwisho, ila lipo. Miksi hairekebishi gitaa lililopigwa likiwa nje ya ufunguo. Kwa bendi ya Mtowisa hatari hiyo ni kubwa. Ala zinatoka kwenye joto la bonde la Ziwa Rukwa, ambalo liko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, zinapanda mteremko wa Lyamba lya Mfipa hadi Sumbawanga yenye baridi, karibu mita 1,800. Nyuzi hubadilika, ngozi za tumba hubadilika, na bendi iliyofika saa nne ikaanza kurekodi saa tano inajitafutia kasoro. Ala zilale mjini usiku mmoja. Kama kasoro ni ya mtu mmoja, asafiri huyo peke yake na traki, arekodi sehemu yake hukohuko kwenye miksi. Nauli ya mtu mmoja kwa viwango vile, 32,000 kwenda Mbeya na kurudi, dhidi ya 224,000 ya kundi zima.

Karatasi ya makubaliano ina sehemu yake kwenye bajeti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ofisi ya hakimiliki, COSOTA, huisimamia, inatambua haki ya mtunzi wa wimbo, ya wanaouimba na kuupiga, na ya mtayarishaji wa rekodi, kila mmoja kwa nafasi yake. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa ametunga wimbo wake mwenyewe na bado akabishana na studio juu ya rekodi. Andikeni nani amegharamia, nani anamiliki rekodi na traki, na studio itazitunza kwa muda gani. Kwa fundi wa pili, lipeni kwa awamu: sehemu anapopokea flashi, sehemu mkipokea jaribio la kwanza, na iliyobaki mkikabidhiwa masta ya WAV pamoja na nakala isiyo na sauti za kuimba. Nakala hiyo mtaihitaji siku ya kutumbuiza kwenye runinga au kwenye harusi isiyo na nafasi ya dramu, na kuiomba mwaka unaofuata ni gharama mpya.

Kama nyimbo zenu bado ziko kwenye kompyuta ya studio ya Sumbawanga, kazichukueni traki wiki hii, hata kama hamjaamua mtamiksi wapi. Kompyuta za studio hujaa, na zikijaa hufutwa kazi za wateja wa zamani kwanza. Flashi mbili na siku moja ya prodyuza zinatosha.